Vidole Visivyopata Damu

Mwezi wa Julai baridi ya Limuru na Molo twaijua sote. Jua likitoka twaisahau. Lakini wako ndugu zetu ambao hata kushika kikombe cha maji baridi huwatia taabu: vidole hufa ganzi, hupoteza rangi, kisha damu ikirudi huwaka na kuuma. Katika ngozi yetu nyeusi badiliko hilo halionekani wazi. Kidole hupauka tu kama kilichopakwa majivu. Basi twasema mtu huyo anajifanya, au ni mvivu wa kufua.

Daktari mmoja Mfaransa, Maurice Raynaud, aliyaeleza mambo haya mwaka 1862. Mishipa midogo ya damu hujibana kupita kiasi kwa sababu ya baridi, na hata kwa wasiwasi. Tumbaku huizidisha. Wanaoshika misumeno ya injini miaka mingi huweza kuipata pia.

Pale mlangoni mwa kanisa, baada ya ibada, dada mmoja huficha mikono ndani ya leso asisalimie. Twamwita mwenye maringo! Kumbe anaogopa maumivu, tena anaona haya kwa mikono iliyo baridi kama ya maiti. Wengine humwambia aombe tu, avue glavu zake. Lakini Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, naye afanye bidii kufika kabla ya wakati wa baridi. Hatusomi kwamba Timotheo alimkemea kwa kukosa imani.

Basi na avae soksi na glavu, na sweta pia, maana kifua kikipata baridi vidole navyo hujibana. Asiviweke juu ya jiko la makaa. Kidole chenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Avitie kwapani, au katika maji ya vuguvugu. Kidonda kikitokea, au ncha ya kidole ikiwa nyeusi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na mzee mwenye ugonjwa wa sukari, huyo miguu yake ina hatari nyingine: damu hupungua na hisia hupotea pamoja, hata mwiba humwingia asijue. Macho yake yakiwa hafifu, mjukuu na amtazame nyayo kila jioni, na katikati ya vidole.