Siku Zinazokosekana Kwenye Daftari

(Muziki wa ufunguzi, kisha unashuka)

Hiki ni kipindi chenu cha shule na jamii, hapa kambini Nyarugusu.

Likizo ya Pasaka imekwisha na watoto wamerudi darasani kwa muhula wa tatu, ule wa mwisho. Kama mnavyojua, shule zetu za Kikongo zinafuata mtaala wa nyumbani. Mwaka unaanza Septemba na unafungwa Julai. Kwa hiyo wakati huu wa mvua za mwisho ndio wakati mtoto wa darasa la sita anajiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, wenye Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Muda uliobaki si mrefu.

Wiki iliyopita nilitembelea shule moja ya msingi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mambo niliyoyaona pale yako karibu katika kila shule ya kambi hii.

Nianze na habari njema. Bustani ya shule imestawi. Mchicha umejaa, na watoto wa darasa la nne ndio wanaopalilia. Mifereji ya kupitisha maji pembeni mwa madarasa imechimbwa upya, na waliochimba ni wazazi wenyewe, Jumamosi mbili mfululizo, kila mmoja na jembe lake. Kabla ya hapo, mvua ikinyesha usiku, asubuhi walimu walikuta tope ndani na madawati yamesimama kwenye maji. Safari hii mvua kubwa ilinyesha usiku wa kuamkia siku niliyofika, na sakafu ilikuwa kavu. Baba na mama mliofanya kazi ile, asanteni.

Kuna pia mama mmoja ambaye ameshona mifuko ya madaftari kwa vipande vya shitingi ya zamani. Alianza na watoto wake, sasa majirani wanamletea vipande ili awashonee. Mtoto anatembea kwenye mvua, yeye analowa lakini daftari halilowi. Nguo itakauka jioni, lakini maandishi yaliyofutika hayarudi.

Sasa tuje kwenye neno kubwa la leo.

Mwezi Machi, kabla ya likizo, direkta wa shule hiyo aliita mkutano wa wazazi. Wengi walidhani ni habari ya michango. Direkta akatoa daftari la mahudhurio la darasa la sita, akasema, "Sitasoma jina la mtoto yeyote. Nitasoma siku tu." Akaanza kusoma tarehe ambazo madawati yalikuwa matupu.

Alipomaliza, wazazi wenyewe waliona kitu. Tarehe zile zilikuwa za aina mbili. Nyingine zilikuwa asubuhi za mvua kubwa. Nyingine zilikuwa siku za mgao.

Baba mmoja alisimama akasema yeye alidhani mtoto wake anakosa siku mojamoja tu. Mwalimu akamjibu kwa hesabu. Mtoto akikosa siku nne kwa mwezi, katika miezi kumi ya masomo amekosa siku 40. Hizo ni zaidi ya wiki sita za shule. Hakuna aliyezihesabu kwa sababu hazikuja pamoja. Zilikuja mbili leo, moja wiki ijayo.

Hapo mama mmoja akakasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Akasema, "Mnataka nifanye nini? Siku ya mgao natoka alfajiri, narudi jua limezama. Mtoto mchanga nimwachie nani? Nikimwachia dada yake, mnasema namkosesha shule. Nikienda naye kwenye foleni, anaugua." Mkutano ukanyamaza. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amekosea.

Ndugu wasikilizaji, mimi ninayezungumza nanyi nilisoma darasa la sita katika kambi hii. Nilikosa siku mbili tu, za mgao, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na nguvu ya kubeba unga. Niliporudi, ubaoni palikuwa na hesabu za sehemu. Moja juu ya tatu, ongeza moja juu ya nne. Mimi nilijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, nikaandika mbili juu ya saba. Wenzangu walikuwa wameandika saba juu ya kumi na mbili, na wao ndio waliopata. Kila somo lililofuata lilisimama juu ya lile nililolikosa. Hadi nafika sekondari, nikiona sehemu ubaoni naogopa. Siku mbili tu, lakini nilizilipa miaka.

Kwa hiyo wazazi wale hawakuishia kwenye kulaumiana. Walikaa mpaka jioni wakapatana mambo matatu. Nayaeleza kama walivyoyapanga, ili na ninyi mwone kama yanafaa kwenu.

La kwanza ni la siku ya mgao. Nyumba nne au tano zinazopakana zinashirikiana. Kwa kuwa si wote wanaokwenda foleni saa moja, mzazi mmoja anabaki na watoto wadogo wa nyumba hizo zote, na wengine wanakwenda. Wakirudi, naye anakwenda. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwingine. Vijana wenye baiskeli wamekubali kuwabebea mzigo wazee na akina mama wajawazito, ili mtoto wa shule asitolewe darasani kwenda kubeba. Anayetaka kusaidia nyumbani atasaidia baada ya kengele ya kutoka.

La pili ni la asubuhi za mvua. Zamani mtoto aliyefika amechelewa alirudishwa nyumbani. Mtoto akishajua hivyo, mvua ikinyesha hata hatoki. Walimu wamekubali kubadilisha. Siku ya mvua kubwa, anayechelewa anaingia, na somo gumu halifundishwi saa ya kwanza. Mvua ikipiga bati, sauti ya mwalimu haisikiki hata akipiga kelele. Saa hiyo mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili na kusoma kimyakimya, mpaka mvua ipungue. Na wazazi wanaoishi ng'ambo ya korongo wamepeana zamu ya kuwavusha watoto. Maji ya korongo yakiwa yanakwenda kwa nguvu, hakuna mtoto anayevuka, hata kama maji yanaonekana ya magoti. Mtu mzima anasubiri nao upande ule mpaka yashuke.

La tatu ni la radi, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Baadhi ya wazazi walisema wazi kwamba wanawazuia watoto kwa hofu ya radi. Hofu hiyo si ya bure. Milima ya Kongo mashariki, kule tulikotoka, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi duniani. Na tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi iliua watu 14 wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Wengi wao walikuwa watoto.

Shule ile ina darasa moja linalosomea chini ya mti kwa sababu vyumba havitoshi. Sasa kanuni yao ni hii. Mkiona mwanga wa radi, hesabuni polepole. Ngurumo ikisikika kabla hamjafika 30, radi iko karibu. Darasa la chini ya mti linahama mara moja na kubanana ndani ya jengo lenye kuta. Kibanda kisicho na kuta si kinga. Watoto wanakaa mbali na mlango, madirisha na nguzo za chuma. Hakuna anayekimbia nyumbani, kwa sababu mtoto anayekimbia uwanjani yuko hatarini kuliko aliye ndani. Na hawatoki mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mzazi, radi ikikukuta ukiwa shambani au njiani, na wewe usijikinge chini ya mti.

Je, mpango huu umefaulu? Sitawadanganya. Si wote wanaofika. Kuna akina mama wajane waliohamishiwa kijiji kipya ambao hawajazoeana na majirani, na kumwachia mtoto mtu usiyemjua ni jambo zito. Viongozi wa vijiji, hao ndio wa kuwatembelea kwanza. Lakini mgao uliofuata baada ya mkutano, mwalimu wa darasa la sita aliniambia madawati mengi yalikuwa na watu.

Mmoja wa waliokuwepo siku ile ni binti wa yule mama aliyekasirika mkutanoni. Mdogo wake alibaki kwa jirani. Nilimkuta binti huyo wakati wa mapumziko, nikamuuliza siku ya mgao walifundishwa nini. Akanijibu, "Sehemu." Nikamuuliza moja juu ya tatu ukiongeza moja juu ya nne unapata ngapi. Alichora kwa kidole mchangani, akanitazama, akasema, "Saba juu ya kumi na mbili." Nilifurahi kuliko alivyojua yeye.

Kabla hatujaagana, naomba jambo moja kwa kila nyumba yenye mtoto wa shule. Leo jioni chukua daftari lake la hesabu. Kila somo lina tarehe juu yake. Kama hujui kusoma, mwambie mtoto akusomee tarehe hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine, tangu shule ilipofunguliwa baada ya Pasaka. Mahali tarehe inaporuka, muulize siku ile alikuwa wapi. Usimpige, usimgombeze. Muulize tu. Huenda jibu likawa, "Ulinituma." Likiwa hilo, basi kesho ongea na jirani yako. Na mtoto aombe kwa mwenzake daftari lenye somo lile, alinakili, kisha amwombe mwalimu amweleze. Walimu niliozungumza nao wamesema mlango wao uko wazi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza na wauguzi wa kituo cha afya kuhusu malaria, maana mvua zikiisha mbu wanabaki kwenye madimbwi. Hadi wakati huo, watoto walale ndani ya chandarua, na asubuhi waende shule.

Mimi ni mtangazaji wenu.

(Muziki wa kufunga)