Basenji na daftari lililofungwa

Basenji, mbwa wa kuwinda wa misitu ya Kongo, asiyebweka kama wenzake, hakuundwa na chama chochote. Msitu, njaa na wawindaji ndio waliomchuja, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1937 alioneshwa London, kwenye maonyesho ya Crufts. Miaka ya 1940 Marekani ikamsajili. Kisha daftari la usajili likafungwa, mbwa wapya wasipokelewe. Wakazaliana wachache wale wale, na ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea. Mwaka 1990 Wamarekani walilifungua tena, wakapokea mbwa wapya kutoka Kongo, wakiwemo wenye michirizi. Wamarekani hao walifanya vyema. Usajili unaokataa damu ya kwao humdhoofisha mbwa unaodai kumlinda. Vyama vya mbwa, msiwafungie mlango mbwa wa vijijini.