Ujasiri wa Mwalimu wa Pugu



Tunapotafakari ujasiri wa Mwalimu Julius Nyerere, tuanzie darasani. Mwanzoni mwa mwaka 1955 alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, huku akiwa rais wa TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954. Alipotakiwa kuchagua kati ya kazi na siasa, aliacha ualimu. Alikuwa na shahada ya Edinburgh, mshahara wa uhakika na familia changa. Akarejea kwao Butiama bila mshahara. Hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba uhuru ungepatikana mwaka 1961.

Nasi tuziulize dhamiri zetu. Ni mara ngapi tumenyamaza katika mkutano wa kijiji, shamba la mjane likinyang'anywa, kwa kuogopa kupoteza kibarua au urafiki wa wakubwa? Ujasiri huanzia hapo, kabla ya makofi na sifa, haki inapotudai kitu tunachokihitaji sisi wenyewe. Tumwombe Mungu atujalie moyo wa kukitoa.