Ndege Njema Katika Siku Nzito

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Tunamshukuru kwa neema tunazoziona na kwa zile tusizozitambua. Sala na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Waislamu wenzangu, mlio msikitini na mnaosikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tutazungumza juu ya siku nzito, ile ambayo mtu huamka akaona kila mlango umefungwa mbele yake, na juu ya namna Mwislamu anavyopaswa kuzisoma ishara za siku hiyo.

Katika lugha yetu ya Kiswahili, ndege ni yule kiumbe arukaye. Na ndege pia ni ishara ya jambo lijalo. Husemwa kuwa fulani amepata ndege njema, au amekutana na ndege mbaya. Waarabu wa zama za Jahiliya nao walikuwa hivyo hivyo. Mtu alipotaka kusafiri alimshtua ndege. Akirukia kulia alifurahi na kwenda, akirukia kushoto aliivunja safari. Kutokana na neno tayr, yaani ndege, wakaliita jambo hilo tiyara.

Uislamu ulipokuja uliifuta tiyara. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hakuna mkosi wa ndege, wala wa bundi, wala wa mwezi wa Safar. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Yeye mwenyewe, akiwa katika huzuni yake, aliwakatalia, akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa ajili ya kufa mtu au kuzaliwa kwake.

Lakini jambo moja alilibakisha na kulipenda, nalo ni fali njema. Sahaba walipomwuliza ni nini, aliwajibu kuwa ni neno jema alisikialo mtu. Tazameni tofauti iliyopo. Mwenye tiyara humdhania Mola wake vibaya, akaiacha kazi yake. Mwenye fali njema humdhania Mola wake vyema, akaendelea na kazi yake kwa moyo mkunjufu.

Mfano ulio bora ni siku ya Hudaybiya, katika mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628 Miladi. Mtume alitoka Madina pamoja na sahaba wapatao 1,400, wamevaa ihramu, wanakwenda Umra wala hawataki vita. Walipokaribia Makka, ngamia wake, Qaswa, alipiga magoti akakataa kuinuka. Watu wakasema ngamia amekaidi. Mtume akawaambia kuwa ukaidi si tabia yake, bali amezuiwa na Yule aliyemzuia tembo asiingie Makka. Wakapiga kambi hapo, kisima kikakauka, na Maquraishi wakawazuia wasiifikie Nyumba Tukufu. Hiyo ilikuwa siku nzito kweli kweli.

Ndipo akaja mjumbe wa Maquraishi, Suhayl bin Amr. Jina Suhayl lina asili moja na neno la Kiarabu lenye maana ya wepesi, ambalo sisi tumelirithi tukasema sahali. Mtume alipomwona aliwaambia sahaba zake kwamba jambo lao sasa limekuwa sahali. Kumbukeni kuwa huyo Suhayl alikuja akiwa adui, tena alileta masharti mazito, na Waislamu walirudi mwaka huo bila ya Umra, nyoyo zimejaa huzuni. Jina jema halikuondoa uzito wa siku. Lakini wakiwa njiani kurudi iliteremshwa Sura ya Al-Fat'h, ikiita yaliyotokea ushindi ulio dhahiri. Baada ya miaka miwili Makka ilifunguliwa.

Huko huko Hudaybiya mvua ilinyesha usiku. Asubuhi Mtume alieleza kwamba aliyesema wamenyeshewa kwa fadhila na rehema za Mwenyezi Mungu, huyo ameamini. Na aliyesema ni kwa nyota fulani, huyo amekufuru. Basi kheri ndogo haitoshi kuipokea tu, yapasa irudishwe kwa mwenyewe.

Ndugu zangu, tuyalete haya kwetu Arusha, chini ya mlima Meru. Katika mwaka 2020 safari za ndege za kimataifa zilisimama kwa sababu ya maradhi, wageni wakakoma kuja, na madereva, wapagazi na wauza vinyago wakakaa bila ya kazi. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, mchimbaji mdogo wa Mirerani aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Ni riziki yake, na Mungu ambariki. Lakini ni vijana wangapi waliobaki wakiingojea siku kama ile, hata wakazidharau siku zao wenyewe?

Anayengojea bahati kubwa namna hiyo humfikia mganga upesi. Huambiwa nyota yake imefunikwa, kisha hutajiwa bei ya kuifunua. Nchi yetu imeona mwisho wa njia hiyo: hasa tangu mwaka 2007, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo ili wengine wapate utajiri. Hayo yalianzia katika dhana mbaya kwa Mola.

Wazee wetu husema, baada ya dhiki faraja. Ni kweli. Lakini Sura ya Ash-Sharh inatufunza zaidi ya hapo: wepesi upo pamoja na uzito, na jambo hilo limetajwa mara mbili. Kwa hiyo usiingoje kesho ndipo uutafute wepesi. Utafute katika siku hiyo hiyo. Mama amepanga ndizi zake sokoni Kilombero tangu alfajiri, hajauza hata kichane kimoja. Jirani yake akamwambia, Mungu atafungua, mama, akammiminia chai. Ndizi bado zipo, na deni bado lipo. Lakini amesikia neno jema, na hiyo ndiyo ndege njema aliyotufundisha Mtume. Na aseme Alhamdulillahi, aendelee kuuza.

Tena, ewe Mwislamu, usiwe msikilizaji tu wa neno jema, bali uwe msemaji wake. Baba akirudi mikono mitupu, asipokewe kwa masimango. Mwanafunzi akianguka mtihani, asiitwe mwenye nuksi, kwani neno hilo humkaa mtoto mpaka uzeeni. Na kabla ya kulala, kila mmoja nyumbani ataje neema moja aliyoiona siku hiyo, ijapokuwa ndogo.

Ewe Mola wetu, tuepushe na dhana mbaya juu Yako. Wafungulie riziki wenye dhiki, waponye wagonjwa wetu, uteremshe mvua yenye manufaa juu ya mlima wetu na mashamba yetu. Tujaalie tuwe wenye kushukuru katika raha na kusubiri katika shida. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.