Ujumbe Hukatwa Kwanza

Msikilizaji, seli haitengenezi protini papo hapo. Kwanza jeni hunakiliwa kuwa RNA. Nakala hiyo ina vipande visivyotakiwa. Ndani ya kiini cha seli vipande hivyo hukatwa, vinavyobaki huungwa. Ukataji kwanza, protini baadaye.

Mkato ukikosewa je? Baadhi ya aina za thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, huanzia hapo hapo. Kosa dogo kwenye jeni, seli inakata pasipo pake, himoglobini, protini ya damu, inapungua. Mtoto anadhoofika, wengine huishi kwa kuongezewa damu. Na vidonge vya madini ya chuma havirekebishi mkato.

Wazazi wenyewe huenda ni wazima kabisa, huku wakibeba kosa hilo. Kama kwenu kuna thalasemia, mpimwe kabla ya kuzaa. Wote wawili, narudia, wote wawili. Hospitalini ulizeni kipimo cha aina za himoglobini.