Maji Tohara na Maji Salama

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuteremshia maji kutoka mbinguni. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo twataka kusema juu ya majitaka yatokayo majumbani mwetu hapa Tunduma, na mahali yaendapo tukisha kuyapa kisogo.

Wakati wa mvua tuliitwa kuwasuluhisha majirani wawili. Mmoja alikuwa amechimba choo hatua kumi na mbili tu kutoka kisima cha mwenziwe. Naye alikuwa na elimu kidogo ya fiqihi, akatujibu: "Sheikh, maji ya kisima kile yamezidi kulateni, wala hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Ni tohara. Kosa langu ni lipi?"

Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii alisema kweli. Kulateni ni kiasi cha lita 200, na maji yaliyofikia kipimo hicho hayanajisiki mpaka yabadilike. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakina rangi wala harufu. Mwanamke huteka ndoo ya maji maangavu, akatawadha na udhu wake ukasihi, kisha akamnywesha mwanawe maji yale yale akamzika.

Wanavyuoni wameitambua tofauti hii. Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudia liliamua kuwa majitaka yakisafishwa barabara, hata isibaki rangi, ladha wala harufu ya najisi, hurejea kuwa tohara, na kutawadha kwayo kwajuzu. Juu ya kuyanywa, walisema yaepukwe ikiwa yadhuru, kwa kulinda afya, si kwa sababu ya unajisi. Basi jirani yetu alijibu suala la tohara, hali aliulizwa juu ya madhara, na Mtume wetu alikataza kudhuru.

Tusidhani haya ni ya mbali. Kipindupindu kilichoanza Zambia mwezi wa Oktoba 2023 kiliua watu zaidi ya 700, na malori yatokayo Lusaka hupita Nakonde yakaingia mjini mwetu.

Wataalamu hushauri choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima, na kitako cha shimo kisiyafikie maji ya ardhini. Mwenye uwezo na ajenge karo: uchafu mzito huzama, vijidudu huula, na maji yabakiayo huchujwa na udongo. Hata hayo bado yana maradhi. Karo likijaa, liitiwe gari la kunyonya. Wako wanaolizibua usiku wa mvua kubwa ili mtaro uchukue, na asubuhi wamo safu ya mbele msikitini. Mtume aliwaonya wajisaidiao njiani na penye maji watekapo watu. Huyu amewapelekea watu wa mtaa mzima.

Jirani yule alinyamaza kitambo, kisha akasema hana fedha ya kuchimba upya. Huo ulikuwa udhuru wa kweli kuliko ule wa kulateni. Mwenye kisima akatoa nusu ya gharama, vijana wa madrasa wakachimba upande wa pili wa kiwanja, na shimo la zamani likafukiwa. Maji ya kisima kile huchemshwa hata leo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu watoto waliotutangulia. Amin.