Kabla Chumba cha Kumbukumbu Hakijafunguliwa

(Hotuba ya kikundi cha wanachama wanaofanya kazi za kuandaa maonyesho, iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka)



Tuliosimama mbele yenu tuko watatu. Mmoja wetu ni seremala, mwingine amefanya kazi kwenye stoo za makumbusho kwa miaka mingi, na wa tatu huandika na kuchapa yale maelezo yanayobandikwa ukutani. Kamati ya harambee imetuomba tueleze kwa nini makadirio ya chumba cha kumbukumbu yana vitu kama friza, jora za kitambaa cha marekani, sponji na brashi za rangi zisizo na rangi, wakati wengi wenu mlitegemea kuona saruji na mabati. Swali hilo ni la haki, maana fedha ni zenu.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba kuta tunazo. Lile jengo la zamani lililoezuliwa na upepo limeshaezekwa. Tusichokuwa nacho ni namna ya kuvipokea vitu na kuviweka vikae. Na vitu vyenyewe vinapungua kila mwaka. Mzee akifariki, kigoda chake kinakwenda jikoni kuwa kuni, au mjukuu anamwuzia mtu wa vinyago anayepita na gari. Ikifika miaka kumi ijayo tutakuwa na jengo zuri lenye picha za viongozi ukutani, basi.

Tuanze na wadudu, kwa sababu ndio adui wa kwanza. Kila mkulima wa hapa anamjua dumuzi anavyofanya kwenye mahindi. Wako ndugu zake wanaokula mbao, wako wanaokula ngozi, na nondo wanaokula manyoya. Kitu kimoja chenye wadudu kikiingia chumbani, ndani ya msimu mmoja mnakuwa na chumba kizima chenye wadudu. Kwa hiyo kitu kikiletwa hakiingii moja kwa moja kwenye maonyesho. Kinakaa kwanza mahali pa pembeni, juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi ukikuta ungaunga mpya chini ya kigoda, ujue ndani kuna mwenyeji.

Dawa za kupuliza hatuzitaki. Vitu vingi vya makumbusho za zamani duniani vilipakwa sumu, aseniki na DDT, na mpaka leo wafanyakazi wanavishika kwa glavu. Sisi tutatumia baridi. Kitu kinafungwa ndani ya plastiki nzito, hewa inakamuliwa, mdomo unazibwa kwa gundi ya karatasi, kinawekwa kwenye friza ya kawaida yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukikitoa usifungue plastiki siku hiyo hiyo. Kiache siku nzima kwanza kipate joto la chumba, la sivyo maji yanayotoka jasho nje ya plastiki yatatoka jasho juu ya kitu chenyewe. Ngoma iliyowambwa ngozi ikakaza hatuiweki humo, inaweza kupasuka. Friza hata ya muuza samaki inafaa, mradi amemaliza samaki wake na imesafishwa vizuri. Hiyo ndiyo friza mliyoiona kwenye makadirio. Hakuna mtu atakayekunywa soda humo.

Jambo la pili ni usafi, na hapa tunawaomba sana akina mama watuelewe. Heshima ya nyumbani ni kumpa mgeni chombo kilichooshwa. Kwa kazi hii ni kinyume. Kibuyu cha maziwa kilichooshwa kwa sabuni na kusuguliwa kwa mchanga kimepoteza ile harufu ya moshi, mafuta ya mikono ya miaka arobaini, na ule ushahidi kwamba kilikuwa cha maziwa. Tuliwahi kuona katika chumba kimoja cha kumbukumbu, si lazima tukitaje, mikuki imepigwa msasa ikang'aa na vigoda vimepakwa vanishi ya mlango. Walikuwa na nia njema kabisa. Lakini ile vanishi haitoki tena. Brashi laini, vumbi likielekezwa kwenye kitambaa, yatosha.

Mshiko nao. Usinyanyue mtungi kwa shingo wala kikapu kwa mpini. Mikono miwili, chini na ubavuni, na ujue unakokwenda kukiweka kabla ya kukinyanyua. Mitungi yetu ina matako ya mviringo, haikai mezani. Makumbusho kubwa hutengeneza pete za sponji zilizofunikwa kitambaa ili mtungi ukae bila kuyumba. Wenzetu wanaziandikia vitabu, na bibi zetu walizibeba kichwani wakienda kisimani: ni ngata tu. Kwa hiyo katika kundi la akina mama tunahitaji wasukaji wa ngata, za marekani iliyochemshwa mara mbili ili wanga utoke, maana wanga ni chakula cha wadudu.

Sasa mishale. Tunasema hili kwa uzito. Upande wa Mkalama tuna ndugu zetu Wahadzabe, na makabila mengine ya mkoa wetu nayo yamewinda kwa upinde. Wahadzabe hupaka chembe za mishale sumu inayopikwa kutokana na mimea, na sumu ya namna hiyo inaweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi baada ya mshale kuacha kutumika. Yeyote mwenye podo la babu yake darini asiwape watoto wachezee, wala asijaribu ncha kwa kidole. Funga kila chembe kwa karatasi na plastiki, andika "SUMU" juu yake, halafu utuite. Na vitu vya Wahadzabe hatutaviweka bila wao wenyewe kuja kutuambia kipi kionekane na kipi kisionekane. Wao ni majirani, na watakuja kukitazama chumba kama sisi.

Hapo hapo tuseme la sheria. Ngozi ya simba au chui, jino la tembo, magamba ya kakakuona, hata usinga wa mkia wa mnyama pori, ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukiwa nayo bila kibali, kusema ilikuwa ya babu hakukusaidii. Kabla kitu cha namna hiyo hakijahamishwa kutoka kijijini, kamati itakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Na wale wa ughaibuni mnaotaka kuchukua kinyago cha ukoo kiwe ukumbusho sebuleni: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa vitu vya asili vinavyotoka nje ya nchi.

Kupokea kitu ni karatasi. Kila kitu kitapigwa picha mbele ya aliyekileta, nyufa na makovu yake yaandikwe, na fomu ijazwe nakala mbili. Fomu itasema wazi kama kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa, kwa muda gani, na nani ana haki ya kukidai. Hili la mwisho ndilo litakaloleta ugomvi likiachwa. Mkuki mwingi unaoitwa wa fulani ni wa ukoo. Kijana akija peke yake na kitu cha ukoo, tutamwomba arudi na mzee mmoja na shangazi mmoja. Atanuna, lakini ni afadhali anune sasa kuliko watu wafike baraza la kata. Baada ya hapo kitu kinapewa namba: mwaka kilipopokelewa na namba yake katika rejista. Namba haichorwi kwa kalamu ya wino juu ya kitu. Inaandikwa kwenye kitambaa kidogo na kufungwa kwa uzi wa pamba. Rejista iwe ya kitabu kigumu, na nakala ikae kwa katibu, mbali na chumba. Tembe likiungua na rejista ikaungua humo, hata vitakavyookolewa vitakuwa vitu visivyo na wazazi.

Kuhusu makabati, seremala wetu ana ombi moja: yatengenezwe kwanza, yakae, ndipo vitu vije. Mbao mbichi, mbao za kubandika na rangi mbichi hutoa hewa yenye asidi, na ndani ya kabati lililofungwa hewa hiyo hula bangili za shaba na simbi za mapambo. Rangi ipewe angalau wiki 4 kukauka milango ikiwa wazi. Tena pima mlango wa chumba kabla ya kupima kabati. Mnacheka, lakini mafundi wa nchi nyingi wamewahi kuvunja ukuta kwa sababu hiyo.

Upangaji hufanyika sakafuni. Tunakata magazeti kwa ukubwa wa kila kitu, tunayatandaza, tunayahamisha, tunabishana, na kitu chenyewe bado kiko stoo salama. Tukishakubaliana ndipo pima maji na drili zinatoka. Kanuni ya kawaida ni katikati ya kitu kuwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Sisi tunapendekeza kushuka hadi 135, kwa kuwa watakaojaa humo ni wanafunzi wa shule za msingi. Jiwe la kusagia litakaa chini kabisa juu ya ubao mnene. Msiliamini rafu ya kioo. Madirisha ya magharibi yawe na mapazia mazito. Ngozi, vikapu na picha hazitakiwi kupata zaidi ya lux 50, yaani mwanga hafifu, na jua la kwetu la saa saba mchana linaweza kufika laki moja.

Kitu hakitobolewi ili kikae ukutani. Kishikio ndicho kinachofuata umbo la kitu. Mfano mkubwa kuliko wote umetoka nchini kwetu: mifupa ya mjusi wa kale iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ambayo iko Berlin, imesimama zaidi ya mita 13. Walipoisimamisha upya mwaka 2007 waliiwekea vyuma vinavyoshika mfupa mmoja mmoja, ili mtafiti akitaka mfupa autoe bila kubomoa mnyama. Na sehemu ya uti wa mgongo inayoonekana pale ni nakala, kwa kuwa mifupa halisi ni mizito na dhaifu mno kuning'inizwa. Nakala si aibu, mradi lebo iseme ni nakala.

Lebo zisizidi maneno 50 au 60, Kiswahili kwanza, herufi kubwa, na jina la kitu kwa lugha ya nyumbani lihakikiwe na wazee wawili wasiotoka kijiji kimoja. Hapo tutegemee mabishano ya wiki nzima.

Kuna hadithi zisizo na kitu cha kuonyesha. Liti, ambaye uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa kwa jina lake, wazee husimulia kwamba aliwatuma nyuki wawapige Wajerumani. Tutaweka nini? Maoni yetu ni mzinga wa gogo, na sauti za wazee watatu wakisimulia kila mmoja kwa namna yake, zirekodiwe mwaka huu. Mwingine ameuliza kuhusu mauaji ya watu-simba ya miaka ya 1940. Tunashauri tusubiri. Familia za waliouawa na za walionyongwa bado zinachota maji kisima kimoja, na hakuna kati ya hizo iliyoulizwa.

Mwisho ni matunzo. Nyumba za asili za Makumbusho ya Kijiji pale Dar es Salaam, zilizoanza kujengwa miaka ya 1960, zinadai udongo na nyasi mpya kila baada ya muda. Chetu kitadai vivyo hivyo: mtu wa kupangusa vumbi la kiangazi kila juma, na fungu la kila mwaka. Ndiyo maana tumeomba theluthi ya makusanyo ya leo isiguswe kwa ufunguzi.

Fomu ziko mezani kwa katibu. Mnaokwenda nyumbani Desemba na mmeahidi kuleta vitu, vileteni vikiwa na vumbi lake. Msivioshe.